Picha za Gunia na Kitabu cha Profesa

Wengi wenu mmeiona picha ile, na kama ninyi hamkuiona, baba zenu waliiona. Ni picha ya uwanja wa gereza. Mfungwa amelazwa chini, naye askari anampiga kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Wafungwa wengine wamevaa nguo za mistari. Mzungu mwenye kofia amesimama anatazama tu, na juu yake bendera ya Ubelgiji inapepea. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliiita kwa Kifaransa Colonie belge. Katika miaka ya 1970 ilitundikwa katika vyumba vya kupokea wageni, mahali pa heshima, pengine karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Mgeni aliyetoka Ulaya alishangaa: mtu anawezaje kupamba nyumba yake kwa picha ya aibu yake mwenyewe? Wenye nyumba walikuwa na jibu la neno moja: ukumbusho.

Neno hilo ndilo linalobeba kitabu tunachotaka kukipima leo. Kinaitwa Remembering the Present, maana yake kukumbuka wakati wa sasa. Kilitolewa Marekani mwaka 1996, na chapa ni ya chuo kikuu cha California. Mwandishi wake ni profesa Johannes Fabian, Mjerumani aliyefundisha miaka mingi Amsterdam elimu ya watu na desturi zao, ile inayoitwa antropolojia. Kitabu si kipya. Lakini katika parokia zetu ni wachache waliokishika mkononi, na habari zake ni zetu kabisa: mji wetu, lugha yetu, na msalaba tunaousujudu Ijumaa Kuu.

Bwana Fabian si mgeni kwa Wakatoliki wa Katanga. Alifika mara ya kwanza mwaka 1966 kuchunguza Jamaa, lile kundi lililoanzishwa na Padri Placide Tempels, Mfransisko, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao. Aliketi na kina baba na kina mama, akasikiliza mafundisho yao juu ya uzima, uzazi na mapendo, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Wako waliokisifu, wako waliokilaumu. Sisi tunasema tu kwamba hapo alijifunza jambo moja lililomfaa maisha yake yote: mtu wa mgodini anayesema Kiswahili cha kambi anaweza kuwa na mawazo mazito kama ya mwalimu wa chuo kikuu, na pengine mazito zaidi.

Miaka ya 1972 hadi 1974 alirudi, safari hii kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwishoni mwa 1973 akafahamiana na kijana mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akiuza picha. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huohuo, mwaka 1947, ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kama wenzake wote, maana kitambaa cha wachoraji wa Ulaya kilikuwa ghali. Kumbe kijana huyu hakutaka kuitwa mchoraji tu. Alijiita mtu wa historia. Alisema anaweza kuichora historia ya nchi yote, tangu mababu hadi siku ile, na profesa akamwambia: basi, uichore.

Akaichora. Katika miezi michache alileta picha zipatazo mia moja. Kila alipoleta fungu jipya waliketi, mashine ya kunasa sauti ikawashwa, naye akaeleza kwa Kiswahili picha moja baada ya nyingine. Yumo Diogo Cão, Mreno aliyefika mlango wa mto Kongo karne ya 15. Yumo Livingstone. Yumo Msiri, aliyeuawa mwaka 1891 na watu waliotumwa na Leopoldo wa Pili. Yumo Simon Kimbangu, aliyefungwa mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Wamo wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira, Desemba 1941, kwa sababu walidai mshahara. Ipo sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 Juni 1960, na vita vilivyofuata. Mwisho yupo Mobutu, maana picha hizi zilichorwa chini ya macho yake, na msomaji makini ataona mahali ambapo mchoraji anapima maneno yake.

Kitabu kina sehemu mbili. Katika ya kwanza Tshibumba anasimulia, picha kwa picha, naye profesa anakaa pembeni. Katika ya pili profesa anaandika mawazo yake. Mpango huu ndio sifa kubwa ya kitabu, na ili kuelewa kwa nini, turudi nyuma kidogo kwenye kitabu kingine cha Bwana Fabian, cha mwaka 1983, kilichomletea sifa katika vyuo vikuu vya dunia.

Jina lake ni Time and the Other, yaani wakati na yule mwingine. Fabian alikuwa amechota kwa wanafalsafa wa Ujerumani, hasa Jürgen Habermas, elimu ile ya kuhoji: kumwuliza mwenye maarifa ameyapata wapi, na yanamfaidia nani. Akawageuzia wenzake swali hilo. Akasema hivi, kwa maneno yetu: Mwenye elimu anasafiri hadi kijijini. Anakula na watu, anaongea nao, anacheka nao, wanaishi siku moja chini ya jua moja. Kisha anarudi kwao kuandika, na katika maandiko yake watu walewale wamekuwa watu wa zamani. Wao ni wa kale, yeye ni wa leo. Amewanyang'anya wakati. Na ukishamweka mwenzako katika wakati mwingine, huhitaji tena kumjibu. Nani anajibizana na watu wa kale?

Sisi wa misioni tusikimbilie kupiga makofi, kana kwamba maneno haya yanawahusu maprofesa peke yao. Fungueni magazeti ya misioni ya miaka iliyopita, mtazame picha na maelezo yake: mpagani wa porini upande huu, mkristu mwenye shati jeupe upande ule, kana kwamba miaka elfu imepita katikati, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Tulifanya hivyo kwa nia njema, lakini tulifanya. Fabian mwenyewe ana haki kwetu kuliko tulivyotazamia. Anaonyesha kwamba wakati wa wakristu wa kale, ule wa wokovu, ulikuwa na nafasi kwa kila mtu: mpagani alikuwa mtu aliyengojewa. Anamtaja hata askofu Bossuet wa Ufaransa na kitabu chake cha historia ya dunia cha mwaka 1681. Wakati wa wataalamu waliofuata ndio uliofunga mlango, ukawapanga watu katika ngazi, huyu juu na huyu chini, na wa chini akaambiwa bado. Sisi tulikuwa na wakati ule wa kwanza mikononi mwetu, tukaazima wa pili. Sehemu hiyo tuliisoma mara mbili, na haikutupendeza.

Mfano wa jambo hili tunao hapa kwetu, nao ni wa wachoraji. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana Elisabethville, ikaitwa Le Hangar. Humo walichora Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga na wengine. Aliwapenda kama watoto wake, na hakutaka waharibiwe na mambo ya Ulaya. Wachore kilicho ndani yao, alisema, roho ya Afrika safi. Basi wakachora ndege, samaki, nyoka na majani. Ni picha nzuri mno, na ndege wa Pilipili wakilisha makinda yao wanaweza kumfurahisha hata mgonjwa. Lakini tafuteni ndani yake bomba la moshi la Union Minière. Tafuteni gereza, askari, tarehe. Hamtaona. Wachoraji wale waliishi katika mji wa migodi, wakaombwa kuchora kama watu wasiokuwa na mwaka. Na wanunuzi wao walikuwa Wazungu.

Tshibumba na wenzake waliuza kwa makarani, wachimba migodi na wafanyabiashara wadogo, watu wa mji. Hao hawakutaka nyoka na majani. Walitaka ukumbusho. Na Tshibumba aliandika maneno na tarehe juu ya picha zake kwa mkono wake mwenyewe, asije mtu akasema mambo haya hayana mwaka.

Hapa tumsifu profesa bila kubana. Angeweza kuzichukua picha zile kama wengine walivyofanya, akaziita sanaa ya watu wasiosoma, akazipanga kwa rangi na mtindo. Hakufanya hivyo. Alimchukua Tshibumba kama mwanahistoria aliye mbele ya mwanahistoria. Mchoraji anapotofautiana na vitabu, na mahali pengine anatofautiana navyo sana, Fabian hamwekei alama nyekundu kama mwalimu wa darasa la tatu. Anauliza: mtu huyu ameipata wapi habari hii? Shuleni, redioni, kwa wazee? Na kwa nini ameipanga hivi? Ndiyo adabu ya kusikiliza. Wengi wetu hatuna adabu hiyo hata kwa wazee wetu wenyewe.

Sehemu ya pili ya kitabu ni kazi ngumu. Sentensi zinazunguka, na wataalamu wanatajana kama watu wanaosalimiana sokoni huku mnunuzi anangoja. Msomaji wa parokia aliyesoma hadi sekondari atapotea kabla ya ukurasa wa kumi. Asione haya: aisome ile ya kwanza, iliyo bora.

Lakini tuna shitaka moja zito zaidi, na kipimo tunakiazima kwa profesa mwenyewe. Alisema kosa kubwa la wenye elimu ni kumwondoa mwenzao katika wakati wao. Haya, tuhesabu. Mazungumzo yalifanyika miaka ya 1973 na 1974. Kitabu kilitoka mwaka 1996. Katikati ni zaidi ya miaka ishirini. Habari za Tshibumba zinapotea karibu na mwaka 1981: alitoweka, na hakuna aliyemwona tena. Hakukishika kitabu hicho. Hakusoma profesa alisema nini juu yake, hakupata nafasi ya kusema hapana, hapa umenielewa vibaya. Maneno yake ya Kiswahili yametokea katika kitabu kwa Kiingereza, lugha ambayo jirani zake hawaisomi. Na picha zake zimehifadhiwa Amsterdam, katika nyumba ya makumbusho iliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023, mwendo wa usiku mzima wa ndege kutoka mtaa alikozichora.

Hatusemi hayo kwa chuki. Tunajua kwamba kama picha zile zingebaki hapa, nyingi zingeliwa na mchwa au kupotea katika uporaji wa miaka ya 1991 hadi 1993. Tunajua pia kwamba profesa na wenzake baadaye waliyaweka mazungumzo yale kwa Kiswahili chenyewe katika intaneti, apate kuyasoma anayetaka. Ni jambo la heshima. Hata hivyo swali halijaondoka. Watu wawili waliketi chumba kimoja, siku moja, wakaongea lugha moja. Kisha mmoja akawa mwandishi na mwingine akawa habari. Fabian alilijua tatizo hili kuliko mtu yeyote, ameliandika katika kurasa nyingi, na hata yeye hakuweza kulikwepa. Basi si kosa la moyo wa mtu mmoja. Ni kosa la njia ambayo elimu inapita: nani ana chapa, nani ana fedha, nani ana pasipoti.

Sasa tufike kwenye picha ambayo, tukiwaonyesha wakristu, ubishi huanza mara moja.

Ni picha ya kifo cha Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, waliouawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Wote watatu wamelala chini, wamekufa. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu, kama Golgota. Ubavuni mwa Lumumba pana jeraha, na damu inayotoka imeandika ardhini neno la Kifaransa: unité, umoja. Tshibumba alipoieleza hakuficha kitu. Kwake yeye Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa nchi hii.

Mkristu anaposikia hivyo hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Kristu ni mmoja. Lumumba alikuwa mwanasiasa, mwenye ujasiri na mwenye makosa, na katika Katanga hii ziko familia ambazo zikisikia jina lake hukumbuka vita na moto, si wokovu. Wengine watakumbuka pia kwamba Tshibumba alikuwa mtoto wa Waluba wa Kasai, na watasema: bila shaka, watu wa Kasai walitaka umoja, maana ndio waliofukuzwa. Maneno hayo tumeyasikia. Baada ya mwaka 1992, Wakasai walipofukuzwa tena kwa maelfu, wakilala katika stesheni za treni za Likasi na Kolwezi, neno lile lililoandikwa kwa damu halikuwa tena siasa ya mwaka 1961.

Sisi tumeitazama picha hiyo kwa muda mrefu, na hatuioni kuwa kufuru. Kwanza, mchoraji hakumtundika Lumumba msalabani. Amemlaza chini, katika udongo wa Katanga, na misalaba imebaki nyuma. Pili, jiulizeni alijifunzia wapi kuchora mateso. Si katika vyuo vya Ulaya. Tunadhani alijifunzia palepale ninyi mlipojifunza kuyatazama: katika picha kumi na nne za Njia ya Msalaba zilizotundikwa ukutani mwa makanisa yetu. Tuliwafundisha watu kwamba mtu asiye na kosa alikamatwa usiku, akafungwa kamba, akapigwa, akauawa na wakubwa waliopatana. Kisha tunashangaa kwamba walipomwona mtu aliyekamatwa, akafungwa kamba, akapigwa na kuuawa na wakubwa waliopatana, walijua namna ya kumchora!

Na hapa ndipo tunapomwona profesa amepita haraka. Anaandika vizuri juu ya neno ukumbusho: kwamba picha ya namna hii haikuchorwa kwa uzuri wa macho, bali impe mtu kufikiri, na kwamba inaleta yaliyopita yasimame leo chumbani. Analifuata neno hilo kwa falsafa ya kumbukumbu. Mama yeyote wa parokia angemwonyesha njia fupi zaidi. Kila Dominika, padri anapoinua kikombe, tunalisikia neno hilo au ndugu yake, na Kanisa halikulielewa kamwe kama kumbukumbu ya mambo yaliyokwisha. Jambo lililotendeka mara moja linasimama mbele yetu sasa. Wenye nyumba wa Lubumbashi waliotundika Colonie belge walikuwa wametoka misani. Hatusemi kwamba gereza ni altare. Tunasema neno walilolitumia lilikuwa na uzito walioupata mahali fulani, na mtu aliyechunguza Jamaa miaka ile yote alikuwa na masikio ya kulisikia.

Bado neno juu ya lugha. Tshibumba alisema Kiswahili cha Lubumbashi, kile kinachosema bantu badala ya watu, na kuchukua Kifaransa bila kuomba ruhusa. Mwaka 1986 Bwana Fabian aliandika kitabu kingine, juu ya namna serikali, misioni na kampuni ya migodi walivyokishika Kiswahili na kukifanya chombo cha kazi katika Kongo ya Wabelgiji. Alivisoma vile vitabu vidogo vya maneno walivyopewa Wazungu waliofika, akaona vimejaa amri: leta, fanya, nyamaza. Wamisionari walitaka kitu kingine, Kiswahili bora, safi, cha kitabu, ndicho hiki tunachoandikia. Tunakipenda, hatukiachi. Lakini tumesoma mazungumzo ya Tshibumba katika lugha yake ile, na tumekiri kwamba katika Kiswahili tulichokicheka kama cha mtaani, kijana mmoja alisimulia historia ya karne tano bila kukwama, na hakutumia amri hata mahali ilipomfaa. Angeleta makala yake kwetu, je, tungeichapa, au tungemrudishia kwanza akasahihishe sarufi?

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji uliirudishia familia ya Lumumba jino lake, ndilo tu lililosalia la mwili wake, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Picha ya misalaba mitatu ilikuwa imekwisha kuchorwa karibu miaka hamsini.

Kama nyumbani kwenu ingalipo picha ya gunia la unga, ya gereza, ya mamba muntu au ya treni, msiitupe kwa sababu rangi imebabuka. Andikeni nyuma yake kwa penseli jina la aliyeinunua, mtaa na mwaka, kama wazee bado wanakumbuka. Na mkipata nafasi, ipelekeni ionekane na watu wa makumbusho ya Lubumbashi. Jina la mchoraji mara nyingi liko pembeni chini, herufi ndogo. Tshibumba hakuwa peke yake.